Barakoa Mpya ya Ngatimin

Ngatimin alikutwa amelala chali katikati ya ngoma sitini ambazo vanishi yake ilikuwa bado haijakauka. Macho yalikuwa wazi. Usoni alikuwa na barakoa mpya ya mpira, yenye vichujio viwili, kimoja kila upande.

"Alikuwa amejikinga vizuri tu," alisema nyapara Bagiyo kabla hajaulizwa. "Ni moyo huo, afande. Barakoa haizuii moyo kusimama."

Inspekta Margono alimtazama kwa jicho la pembeni. Miaka ishirini na sita ya upelelezi ilikuwa imemfundisha jambo moja: mtu anayekupokea mlangoni na jibu, nyuma yake kuna swali amelificha.

"Nani alimkuta?"

"Mimi. Saa tatu na nusu, wakati wa kahawa."

"Aliingia saa ngapi?"

"Saa moja."

"Mlango ulikuwaje?"

"Umerudishiwa tu."

"Na feni ile ya ukutani?"

Bagiyo aliitupia feni jicho. "Ilikuwa inazunguka. Nimeizima mimi nilipoingia."

Margono alipanda juu ya kopo la thina ya kuzimulia vanishi, akapitisha kidole kwenye mapanga ya feni. Kidole kilirudi na utando wa buibui.

"Buibui wenu hodari," alisema. "Wanafuma feni ikiwa inazunguka."

Nje, mashine kumi na moja za kukereza mbao zilikuwa bado zinanguruma, kana kwamba maiti ni gunia la maranda. Karakana ile ya Karangwuni, mashariki ya Java, ilikereza ngoma za mahogani za kupelekwa ng'ambo, na kesho yake wanunuzi walikuwa wanakuja kuzitazama. Mgeni wa namna hiyo haonyeshwi matanga. Vumbi jekundu lilitanda hewani hadi taa zikawa kama macho ya mgonjwa. Wakerezaji walijifunga fulana kuukuu puani. Hakuna aliyekuwa na barakoa.

Hata Ngatimin alikuwa mkerezaji, miaka ishirini na miwili. Kifua kilipombana, mwenye karakana, Pak Handoyo, alimhamishia chumba cha vanishi, eti apumzike na vumbi. Wakubwa wana huruma zao: walimtoa kwenye vumbi wakamtia kwenye sumu.

Mjane wake, Bu Sulikah, alikuwa amesimama langoni, mtandio umeshuka mabegani. Hakulia.

"Afande, chumba kile utakifunga au hukifungi?"

"Mama, siwezi kufunga chumba cha mtu bila kosa la jinai. Daktari akisema ni moyo..."

"Moyo! Moyo wake ulikuwa mzima. Kilichokwisha ni mapafu. Mwaka wa pili huu alikuwa analala ameketi, kama mlinzi wa benki." Alimwonyesha kwa kidevu mwanamume mwembamba aliyekuwa anakohoa karibu na pipa la maji. "Yule ni Ngatiran, shemeji yangu. Saa sita anaingizwa humo humo, akapulize vanishi ya pili. Nimepewa maiti moja leo. Inanitosha."

"Shemeji, nisipoingia wataniachisha kazi," alisema Ngatiran, sauti imekwaruza.

"Na ukiingia watakuachisha nini? Si pumzi?"

Simu ya Margono ililia. Alikuwa mkuu wake wa wilaya.

"Umemaliza?"

"Bado, mkuu."

"Mtu amekufa na barakoa yake usoni, wewe unataka nini tena, barua ya kuaga? Andika moyo, familia wazike kabla ya alasiri. Pak Handoyo ni mtu wetu yule."

"Ndiyo, mkuu."

Ndiyo ya mdogo kwa mkubwa si kukubali. Ni kufunga mlango polepole. Margono alitazama saa yake: saa nne na dakika arobaini. Akarudi chumbani.

Dokta Retnowati, mganga wa polisi, alikuwa amepiga magoti, glavu mikononi. Aliitoa barakoa taratibu.

"Njoo uone."

Uso wa Ngatimin ulikuwa na matone madogo madogo ya vanishi iliyokauka. Yalikuwa kwenye masharubu, midomoni, hata ndani ya pua.

"Na barakoa yenyewe?" aliuliza Margono.

"Safi. Ndani safi, nje safi. Mikanda haikuacha alama hata moja shavuni. Mtu aliyeivaa kwa saa mbili na nusu angekuwa na michirizi."

"Kwa hiyo kavishwa."

"Kavishwa baada ya kufa. Na moyo hauvunji kucha." Aliinua mkono wa marehemu. Kucha tatu zilikuwa zimekatika, na kiganja kizima kimeganda vanishi. "Huyu ameikosa hewa, inspekta. Amejaa mvuke wa thina."

Margono aliugeukia mlango. Ulikuwa mlango wa zamani, mweusi kwa vanishi ya miaka. Lakini chini, kimo cha mtu aliyepiga magoti, ubao ulikuwa mweupe kama mtama uliokobolewa. Ulikuwa umepigwa msasa asubuhi ile ile, na unga wake ulikuwa bado juu ya kizingiti. Aliinama akachungulia ukingo wa ubao. Mpiga msasa alikuwa na haraka. Alikuwa amesahau alama za vidole vinne vya vanishi, zimekwaruza kushuka chini.

Alitoka, akautazama mlango kwa nje. Kulikuwa na komeo. Skrubu zake zilikuwa zinang'aa.

"Bagiyo," aliita, "chumba cha vanishi kinafungwa kwa nje ili nani asitoke?"

Nyapara alijipangusa kijasho chembamba. "Hilo ni la wezi, afande. La usiku."

"Twende kwa bosi wako."

Pak Handoyo aliwapokea ofisini kwa tabasamu na kahawa. Dirisha la ofisi lilikuwa limezibwa kwa mpira pembe zote, na hewa ilikuwa baridi, haina hata harufu ya mbao. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na kabati la vioo, na ndani barakoa kumi na moja zimepangwa kama vikombe vya ushindi. Nafasi ya kumi na mbili ilikuwa tupu.

"Pak Inspekta, nimeongea na mkuu wako. Kunywa kahawa."

"Ufunguo wa kabati hili unao nani?"

"Mimi. Hizi si mali ya kuachiwa kila mtu."

"Mwingine?"

"Hakuna mwingine."

"Ngatimin alichukua yake lini?"

"Leo asubuhi. Nilimpa mwenyewe. Mimi huwafundisha mmoja mmoja namna ya kuzivaa. Afya ya mfanyakazi kwanza, hiyo ndiyo kauli yangu."

Mlangoni wakerezaji walikuwa wameanza kujazana. Mmoja alicheka puani, akajifanya anakohoa.

"Basi nionyeshe," alisema Margono. "Ili nami niandike vizuri."

Handoyo alifungua kabati, akachukua barakoa, akaivuta mikanda nyuma ya kichwa kwa madaha. Akavuta pumzi.

Mpira ulimnywea mashavuni. Akavuta tena. Macho yalimtoka, shingo ikafura, mikono ikaanza kuhangaika na mikanda. Aliing'oa barakoa akaitupa mezani, akabaki anahema kama samaki juu ya mwamba.

"Ni mbovu hii!" alisema.

"Si mbovu." Margono alikizungusha kichujio hadi kikatoka. Kwenye tundu la kupitishia hewa kulikuwa na karatasi ya rangi ya fedha, imegandishwa na gundi ya kiwandani. "Hii hubanduliwa kabla ya kuvaa. Kila aliyewahi kuivaa anajua." Akatoa barakoa ya marehemu kwenye mfuko wa vielelezo, akaifungua. Karatasi mbili, hazijaguswa. "Umeishindwa kwa pumzi mbili. Ngatimin amefanya nayo kazi kwa saa mbili na nusu?"

Handoyo aliisukuma barakoa mbali naye.

"Hakuna aliyewahi kuvaa barakoa humu, Pak Handoyo. Hata wewe. Mmeziweka wakaguzi wazitazame."

"Mimi nilipiga msasa tu!" Bagiyo alipasuka. "Mlango tu, afande! Barakoa alimvisha yeye kwa mikono yake!"

"Funga mdomo, mbwa we!"

"Nimeufunga tangu asubuhi!"

Margono alivuta kiti akaketi mbele ya Handoyo. "Sasa sema wewe. Kwa nini feni ilikufa?"

Handoyo alijifuta midomo. Uso ulikuwa umempauka.

"Mzigo uliopita ulirudishwa. Vanishi ilikuwa imenasa vumbi. Feni ikiwaka inalivuta vumbi la mashine mpaka ndani. Nikasema izimwe, mlango ufungwe."

"Na komeo?"

"Yule mtu hakutulia! Kila robo saa anatoka kukohoa. Kila akitoka, mlango wazi, vumbi linaingia. Ilikuwa asubuhi moja tu, mpaka vanishi ishike. Sikutaka afe."

"Hakugonga?"

Bagiyo ndiye aliyejibu, sasa kwa sauti ndogo.

"Aligonga. Mashine zilikuwa zinapiga kelele, wenzake hawakusikia. Mimi nilikuwa karibu. Nilikuja hapa hapa nikamwambia bosi. Akasema, mwache, atazoea."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Margono aliyaandika maelezo neno kwa neno, akawatilisha sahihi wote wawili, kisha akawatia pingu. Mkuu wa wilaya alipiga simu tena. Safari hii ilijililia yenyewe mfukoni.

Saa sita kasoro dakika tano, chumba cha vanishi kilitiwa lakiri ya polisi. Ngatiran alikuwa amesimama mbele yake, bomba la kupulizia mkononi, kama mtu aliyeambiwa asubiri. Bu Sulikah alimtoa bomba lile vidoleni, akaliweka chini. Mashine moja ilizimwa, halafu nyingine, mpaka karakana nzima ikanyamaza, na ndipo ikasikika jinsi watu wale walivyokuwa wanakohoa.

Handoyo alipopitishwa mbele ya kidirisha chenye nondo cha chumba kile, alisimama akachungulia ndani, kwenye ngoma sitini zinazometa.

"Lakini tazameni wenyewe," alisema, karibu kwa kusihi. "Hata chembe moja ya vumbi hakuna."

"Itatoka wapi?" alisema Bu Sulikah. "Lote analo mume wangu."