Maisha Tisini na Tisa

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia kwanza kwenye karakana ya shangazi yake, fundi wa redio na televisheni. Alifagia vipande vya waya, akafanya hesabu zake katikati ya televisheni zilizolazwa kifudifudi, kisha akanyamaza. Kunyamaza huko kulikuwa ajabu tosha, maana msichana huyo wa miaka kumi na miwili hakupewa jina la ndege bure. Alikuwa akiongea hata anapopiga mswaki.

Kilichomfunga mdomo ni kompyuta ya zamani iliyokaa mwisho wa meza. Ukiiona ungesema ni kibodi tu iliyopotezana na wenzake. Haikuwa na kioo chake, ilichomekwa kwenye televisheni. Ikizimwa ilisahau kila kitu, kwa hiyo mchezo wake ulikaa kwenye kanda ya kaseti. Shangazi alipobonyeza kitufe cha redio kaseti iliyounganishwa nayo, karakana ilijaa mlio kama wa nyigu elfu moja waliofungiwa ndani ya sufuria. Mlio huo ulidumu dakika sita nzima.

"Shangazi, yaani kelele hizo ndizo mchezo wenyewe?"

"Ndizo. Ngazi, popo, risasi, vyote vinapita humo. Wewe unasikia nyigu, lakini kompyuta inasikia jumba la ghorofa kumi na mbili."

Mara kukawa kimya, na jumba likasimama kwenye kioo. Mtu mdogo kuliko ukucha alikuwa chini kabisa. Chiriku alimrusha kutoka sakafu hadi sakafu, akampandisha ngazi, akawapiga popo kwa risasi za mwanga, na kila mara moyo ulimdunda kana kwamba ni yeye aliyening'inia huko juu. Shangazi aliuandika mchezo huo mwenyewe alipokuwa binti, mstari kwa mstari, madaftari saba. Alisema popo wa ghorofa ya tisa waliwahi kumtoa jasho fundi saa mmoja mpaka akavua viatu. Hilo la viatu alilisema akiangalia pembeni, kama mtu anayetia chumvi.

Mchezaji alipewa maisha matatu. Akianguka mara tatu, amekwisha. Siku moja Shangazi alibonyeza kitufe cha kusimamisha, na maagizo ya mchezo yakajipanga kwenye kioo. Mstari wa arobaini ulisema maisha ni 3. Chiriku aliitazama namba hiyo mdomo wazi. Yule mtu mdogo, na hofu yake yote, alikuwa ameandikwa pale!

Basi siku ya Jumanne Chiriku alikutana na jirani yao, mvulana aliyeitwa Mheshimiwa kwa sababu alitembea mikono nyuma kama mtu anayekagua barabara.

"Leo umefika ghorofa ya ngapi?" Mheshimiwa aliuliza.

"Ya tano."

"Ya tano! Miezi miwili unapanda? Konokono angekuwa keshafika paani, kafua na kuanika."

"Njoo Ijumaa uone. Nitafika ya kumi na mbili mbele ya macho yako."

Maneno yalikuwa yameshatoka. Siku iliyofuata, Shangazi alipotoka kupeleka redio ya mteja, Chiriku aliusimamisha mchezo. Akafuta ile 3, akaandika 99. Kisha, kama alivyomwona shangazi yake akifanya, akaunasa mchezo upya kwenye kanda, juu ya ule wa zamani. Akazima, akawasha, akasubiri nyigu wamalize.

Pembeni mwa kioo ukatokea moyo mmoja, alama ya uhai. Ukafuata wa pili, wa kumi, wa thelathini. Mioyo haikusimama. Ilitembea ikafika ukingoni, ikaingia kwenye jumba. Ngazi zikageuka vipande vya herufi. Sakafu zikatoboka. Mtu mdogo akabaki hewani akitetemeka, kisha kila kitu kikaganda. Chiriku alibonyeza vitufe vyote. Wapi! Alipojaribu tena, ikawa vilevile.

Shangazi aliporudi alitazama kioo, akakunja uso. "Umegusa kitu, mwanangu?"

"Hapana, Shangazi. Nimewasha tu."

Shangazi alimwamini. Alhamisi yote televisheni za wateja zilisubiri huku yeye akisafisha, akipima waya, akiiinamia mashine kama daktari anayemsikiliza mgonjwa kifua.

"Kwa kuwa hukuugusa, mchezo haujabadilika hata nukta, hilo nina hakika," alisema. "Sasa ni ama chipu za kumbukumbu zimechoka, ama ni mikono hii." Akaigeuza mikono yake na kuitazama. Chiriku akainamia daftari lake, lakini namba zote zilikuwa zikiogelea.

Ijumaa Chiriku alipoingia, Mheshimiwa alikuwa mlangoni tayari kuona maajabu. Kompyuta ilikuwa imevuliwa kifuniko, na chuma cha kuyeyushia lehemu kilikuwa kikifuka moshi mkononi mwa Shangazi.

"Nazing'oa chipu," Shangazi alisema bila kuinua macho. "Ubao zinaposhikilia umezeeka. Joto likizidi kidogo, njia za shaba zitabanduka, na ubao mwingine kama huu sina. Nikikosea ndiyo basi tena."

Ncha ya chuma ilishuka. Chiriku aliona jumba lote, ghorofa zote kumi na mbili, likiwa chini ya ncha ile.

"Shangazi, usiguse!" alipiga kelele. "Mashine haina kosa. Ni mimi! Nilibadilisha maisha, nikanasa juu ya kanda. Nilitaka kumringia Mheshimiwa. Ulipouliza nikakudanganya."

Shangazi alikirudisha chuma kwenye kishikio chake, polepole. "Uliweka ngapi?"

"Tisini na tisa."

"Mbona hukuweka mia?"

"Mia niliona ni tamaa."

Mheshimiwa alicheka mpaka mikono ikamtoka mgongoni, kisha akakumbuka kuirudisha nyuma. Midomo ya Shangazi ilitikisika, ila macho yake hayakucheka. Alirudisha kifuniko, akaupakia mchezo kwa namna ya kuuzuia usianze, na maagizo yakajipanga.

"Kila uhai huchorwa moyo mmoja," alieleza. "Nafasi ya mioyo niliyoacha ni ndogo. Ikijaa, mashine haijui kusema imetosha. Inaendelea kuchora juu ya chochote kinachofuata: ngazi, sakafu, hata maagizo yenyewe."

"Yaani mioyo ilikula jumba?" Chiriku alinong'ona.

"Ililila lote. Na mashine haikukosea hata mara moja. Ilikutii mpaka mwisho."

Chiriku mwenyewe ndiye aliyefuta 99 na kurudisha 3. Mchezo ulipoanza, jumba lilisimama zima, kila ngazi mahali pake. Watoto wote wawili walisogelea kioo. Namba moja tu ilikuwa imeliangusha, na namba moja tu imelisimamisha.

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza, na wewe mwenye mikono nyuma usikilize. Kurekebisha namba kumetuchukua dakika moja. Lile 'hapana' limenila siku mbili, likanifanya niione mikono yangu kuwa ndiyo mibovu. Fundi anaweza kutengeneza karibu kila kitu akiambiwa ukweli namna kilivyoharibika. Akifichwa, anakwenda kukifungua kilicho kizima, na hapo ndipo anapokiua kweli. Umesema ukweli ukiwa umechelewa, umesema mbele ya mtu uliyetaka kumringia, na umeiwahi mashine. Ukikosea tena, na utakosea, niambie siku hiyohiyo. Haya, shika kibodi. Maisha ni matatu."