Kibao cha Benedicta

"Mimi mwanangu nimempeleka shule akasome, si akamwagilie kabichi za mwalimu!" Mama Tupokigwe alisema kwa sauti iliyotoa watu majumbani.

"Kabichi ni za shule, dada," Mama Benedicta alijibu kutoka upande wa pili wa ua, akipeta maharage. "Utaratibu ni mpya. Siku hizi mtihani peke yake hautoshi. Kuna maksi za kazi pia."

"Unafurahi kwa sababu wako anajua jembe tu!"

Majirani waliokuwa wakienda sokoni Mwanjelwa walisimama kusikiliza. Ugomvi mtaani kwao hauachwi upite hivi hivi.

"Ndiyo, anajua jembe," Mama Benedicta alisema taratibu. "Hesabu zinamshinda. Mwache naye apate pa kushika."

Ilikuwa Septemba, mwaka 1976. Tupokigwe na Benedicta walikaa dawati moja, darasa la saba. Kila mwanafunzi alikuwa na tuta lake bustanini, na kibao chenye jina lake. Siku za bustani, Mama Tupokigwe alimzuia binti yake nyumbani asome, akituma salamu shuleni kwamba mtoto anaumwa tumbo. Kabichi zake zikanyauka.

Siku ya ukaguzi Tupokigwe aliwahi shuleni kabla ya wenzake. Aling'oa kibao chake na cha Benedicta, akavibadilisha.

Mwalimu Kalinga alikuwa mgeni, ndiyo kwanza amehamia kutoka Iringa. Alikagua peke yake, akisoma vibao, kisha akawaita wasichana wale wawili.

"Mwalimu, hili si tuta langu," Benedicta alisema. "Langu ni lile lenye kabichi zilizofunga."

"Tupokigwe, lile ni la nani?"

"Ni langu, mwalimu."

Benedicta aliandikiwa sifuri.

Jumamosi baba yake, Mzee Kasian, alifika kutoka Chunya alikolima tumbaku. Alipoambiwa, alitikisa kichwa. "Kama hata jembe limemshinda, anangoja nini shuleni? Vitalu vyangu vinataka mtu wa kumwagilia."

Jumapili, akiwa juu ya lori la Chunya, Benedicta aliinama na kumwambia rafiki yake Tupokigwe, "Mwambie mwalimu lile tuta halikuwa langu. Wewe atakuamini."

Jumatatu Tupokigwe alilia darasani, akasema yote. Mwalimu Kalinga alimrudishia Benedicta maksi zake, akamwandikia Tupokigwe sifuri, kisha akamtumia Mzee Kasian barua kwa dereva wa lori, binti arudi afanye mtihani. Mama Tupokigwe alikuja shuleni kugomba. Aliposikia habari yenyewe alisema, "Uongo wa tumbo niliuanza mimi."

Habari zilimfikia Mama Benedicta kabla ya kengele ya mchana. Mtaa ule haukuhitaji redio. Tangu siku hiyo mama huyo hakuonekana tena uani.

Siku ya mtihani lori lilirudi bila Benedicta. "Baba yake anasema amekwisha shika kazi," dereva alieleza.

Jioni Mwalimu Kalinga alimwita Tupokigwe. "Maksi nimezirudisha kwa kalamu," alisema. "Mtihani uliompita rafiki yako sina kalamu ya kuurudishia. Uongo ulikuwa wako, lakini angalia umemwangukia nani. Sema kweli mapema, mwanangu, kabla hakijapotea kitu. Mama yake umemwambia?"

"Amekwisha sikia, mwalimu."

"Amesikia kwa watu. Nenda ukamwambie wewe."

Tupokigwe alikwenda na mama yake. Walimkuta Mama Benedicta jikoni, anasonga ugali. Tupokigwe alipiga magoti, akasema yote, toka kibao hadi lori.

Mama Benedicta aliepua ugali.

"Nilimpiga," alisema. "Aliponiambia lile tuta si lake, nilimpiga."

Mama Tupokigwe akaanza kulia. Mama Benedicta alipakua ugali, akaugawa, akavuta vigoda viwili.

"Kaeni tule," alisema. "Kila siku nasonga wa watu wawili. Mkono haujajua kwamba ameondoka."