Kofia ya Mgonjwa wa Saba

"Nyuki."

"Nakusikia, Mzizi."

"Dawa imetoka kabatini."

Dionisia alianza kutembea, simu ya Tecno sikioni, akizunguka kibanda cha chai kilichokuwa kando ya barabara ya vumbi kati ya Ruangwa na Nachingwea. Hakuwa mtu wa kukaa. Miaka minne nyuma, kule mpakani, risasi ilipita kwenye paja lake la kushoto. Kidonda kilipona. Madaktari wakapongezana.

Maumivu hayakupata taarifa.

"Nani kaichukua?"

"Benedicto, fundi wa mitambo wa Daktari Valentina. Ametoka Ruangwa na kofia ndani ya jeneza. Ndege ya mteja itamfuata leo leo, mahali tusipopajua. Porini huko tambarare za kutua ndege hazihesabiki. Mkamate njiani."

"Rahisi."

"Si rahisi. Magari yenye maiti yanayokuja upande wako ni mawili."

"Nitafungua yote mawili."

"Thubutu! Ukifunua maiti ya watu, wilaya mbili zitawaka. Na mimi nitasema sikujui."

Simu ikakatika.

Kofia yenyewe haikuwa na sura ya maana. Nyaya, vitambaa na vidude vya kung'aa. Lakini Dionisia alikuwa ameivaa. Katika utafiti wa Daktari Valentina kulikuwa na wagonjwa saba wa maumivu yasiyoisha, na yeye alikuwa wa saba. Wiki tatu alilala kama mtoto aliyeshiba. Wiki tatu aliamka bila ule uzito wa kifuani unaomfanya mtu achukie hata kupiga mswaki.

"Kidonda kilishapona," Daktari alimwambia siku ya kwanza, "ila ndani ya ubongo kengele bado inalia. Na hapo inapolia ndipo na huzuni inapokaa. Chumba kimoja, wapangaji wawili. Ndiyo maana mtu akiumwa mgongo miaka kumi, roho nayo inaugua. Kofia inaisikiliza ile kengele, halafu inaituliza."

"Na mtu akiigeuza?"

Daktari aliiweka kofia mezani.

"Mzima atalia kama anachomwa moto. Na hatakuwa na alama hata moja mwilini."

Hicho ndicho mteja alichokuwa akikinunua. Hakuwa na shida na usingizi wa mtu. Alitaka kilio kisichoacha alama.

Dionisia akabonyeza redio yake ya Motorola.

"Bundala, uko wapi?"

"Nyuma ya kichaka, kamanda, na ng'ombe arobaini." Bundala alikuwa Msukuma, askari wa siri aliyepandwa miezi mingi iliyopita katikati ya wafugaji waliohamia Lionja. "Yule mweupe ana mimba."

"Bundala, hao ni ng'ombe wa serikali."

"Mimba si ya serikali."

Dionisia akamgeukia mwenye kibanda, mama mnene aitwaye Mwanaima.

"Mama, naomba majivu. Na gunia."

"Ya nini tena?"

"Maiti za Wamwera zinapita. Mimi Mngoni."

Mwanaima akaangua kicheko mpaka sufuria ikayumba. "Ehee! Mmenusa pilau mpaka huku! Chukua, chukua!"

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mababu wa Wangoni na Wamwera walipigana sana, wajukuu wakabaki watani. Penye msiba, mtani huziba njia, humtukana marehemu, hudai chake. Wafiwa hucheka huku machozi yanawatoka, hurudisha matusi, hutoa kitu kidogo, hupita. Lakini kukasirika? Hilo halipo.

Dionisia akavaa gunia, akajipaka majivu uso mzima. Bastola yake ya Glock ikalala kiunoni, chini ya gunia.

Gari la kwanza likatokea. Canter, imejaa watu.

Akajilaza katikati ya barabara.

"Simama! Mnampeleka wapi mtumwa wangu? Kafa bila ruhusa!"

Breki. Vumbi. Kisha kikongwe mmoja akachungulia kutoka juu, macho mekundu kwa kulia.

"Toka hapo, mla panya wewe! Marehemu kasema akikuta Mngoni huko aendako, anarudi!"

Gari zima likacheka. Mzee mmoja alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanzu. Kikongwe akamrushia Dionisia ndimu mbili.

"Shika mahari yako. Tupishe tukamzike ndugu yetu."

Dionisia akajiviringisha pembeni. Hawa walikuwa na maiti yao.

Mguu ulikuwa unawaka. Akasimama, akatembea, akarudi, akatembea tena.

"Kamanda," redio ikanong'ona, "Land Cruiser nyeupe. Watu wawili tu mbele."

Akajilaza upya.

Land Cruiser ikasimama karibu na kichwa chake. Nyuma kulikuwa na sanduku lililofunikwa kitambaa cha kijani. Aliyekaa kando ya dereva alivaa kanzu mpya, mikunjo ya dukani ikionekana bado.

"Dada, pisha. Sisi Wamwera wa Lionja, tumefiwa na babu."

"Babu yenu! Yule mwoga aliyewakimbia babu zangu mpaka akasahau mke? Hapiti mtu hapa!"

Dereva, kijana wa kukodiwa, akaanza kucheka. Akamtazama bosi wake. Kicheko kikamfia mdomoni.

"We mwendawazimu!" mwenye kanzu akafoka. "Huna adabu mbele ya maiti? Dereva, mkanyage!"

Dionisia alipata jibu lake: huyu ndiye Benedicto.

Midomo ikasogea kwenye redio. "Bundala. Mwaga."

Ng'ombe wakamwagika kutoka kichakani. Mbele, nyuma, ubavuni, pembe na vumbi na milio. Bundala akaja katikati yao na fimbo yake, akipiga mluzi.

Benedicto akaruka nje, akapanda nyuma, akafungua jeneza kwa teke. Ndani godoro tu. Juu ya godoro, kisanduku cha kofia, rangi ya fedha. Alipogeuka alikuwa amekikumbatia kifuani kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na bastola, na bastola ilikuwa inamtazama Bundala.

"Ondoa ng'ombe wako, wewe! Nahesabu mpaka tatu!"

Dionisia akainuka, Glock mbele. Akapiga hatua moja, akachechemea.

Benedicto akatabasamu.

"Mguu huo naujua. Mgonjwa wa saba! Majivu yote hayo kumbe ni wewe?"

"Weka chini, Benedicto."

"Hukuwahi kuniona, dada yangu, lakini mimi nimeangalia mawimbi ya ubongo wako wiki tatu nzima. Najua usiku wako wa kwanza wa kulala. Ulilia asubuhi yake, unakumbuka?" Akakibana kisanduku zaidi. "Duniani ipo hii moja tu. Ukinipiga, risasi inapita hapa kwanza. Huwezi."

Juu, kwa mbali, injini ya ndege ndogo ilianza kuunguruma.

"Niache nipite. Mteja atatengeneza nyingi. Moja nakuletea mwenyewe, Mungu shahidi. Utalala."

Utalala.

Mguu ulisikia neno hilo kabla ya masikio. Aliuona mto wake, shuka, asubuhi isiyo na uzito.

"Moja," Benedicto akasema. "Mbili."

Bundala alikuwa amemshika ng'ombe mweupe shingoni.

Dionisia akafyatua.

Kisanduku kikapasuka katikati. Cheche, moshi, harufu ya plastiki. Risasi ikaishia begani kwa Benedicto, bastola ikaanguka, na fimbo ya Bundala ikamaliza kazi.

Benedicto alilala chini akiugulia. "Umejiua mwenyewe, mjinga wewe!"

"Kidole chako," Dionisia akasema, akikigandamiza kwenye simu ya jamaa mpaka ikafunguka. Akamwandikia rubani: *Njia mbaya. Shuka uwanja wa Nachingwea, kuko shwari.*

Ndege ikageuza pua. Uwanjani wanaume wa Mzizi, waliovaa kama wapakiaji wa korosho, walishapewa habari. Baada ya muda Mzizi akapiga.

"Mteja tunaye, alikuwemo ndegeni. Kofia?"

"Haipo tena."

Hapo sauti nyingine ikaingia, ya kike, imechoka.

"Dionisia, ni Valentina. Yote imeungua?"

"Yote, Daktari."

"Nitaanza upya. Labda miaka mitatu."

"Nitakuwepo."

"Na mguu?"

"Nao utakuwepo. Hauna pa kwenda."

Akazima simu, akaanza kuondoka kwa miguu, gunia mwilini, majivu usoni.

"Panda gari, kamanda!" Bundala akaita.

"Nikikaa unauma zaidi."

Yule dereva wa kukodiwa, ambaye muda wote alikuwa amejikunyata nyuma ya usukani, akatoa kichwa dirishani. Alikuwa Mmwera kweli, na sasa hakuwa na bosi wa kumtazama.

"Wangoni nyie! Hata jeneza lenye godoro mnalidai!"

Dionisia akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Hakugeuka. Alinyoosha tu mkono nyuma, kiganja wazi.

"Toa changu!"

Kipakiti cha korosho kikaruka hewani. Akakidaka, akachechemea na safari.