Mama Yake Mwanachumvi

Asubuhi moja chai ya nyumbani kwa Kitwana iliingia chumvi, na mkewe Zaina akadhani ni mkono wake. Akaimwaga, akateka maji mengine, akatia sukari huku macho yake yanaona kabisa kuwa ni sukari, akaonja. Chumvi. Tena si ya kuzidi kidogo, ni ile ya mabwawa ya kuanikia, inayokunja ulimi. Akampelekea mumewe chumbani hivyo hivyo, aone atasema nini. Kitwana akainywa yote, akarudisha kikombe, akaendelea kuandika. Hapo ndipo Zaina alipoogopa, maana Kitwana alikuwa mwanaume mlalamishi, ukimpa chai ya vuguvugu mji wote wa Bagamoyo utapata habari kabla ya adhuhuri.

Huyu Kitwana ni mtoto wa Mwanajuma, muuza vitumbua wa Mbegani. Mtoto mmoja tu, mama yake hakujaliwa mwingine. Kitwana alikuwa mwalimu wa shule, akaacha kazi, akasema yeye ni mwandishi wa vitabu. Watu tulicheka sana. Kisha vitabu vikatoka na kicheko kikatuishia. Ilikuwa miaka ile ya kisomo cha watu wazima, tunafundishwa kusoma kwa kitabu cha pamba na mbolea, na tukirudi majumbani tunakimbilia vya Kitwana. Nani atakaa na mbolea wakati Malkia Mwanachumvi wa Mji Mweupe, jini mwenye nywele zinazodondosha chumvi, anamgeuza nahodha mzima kuwa jiwe kwa sababu alimwahidi ndoa akaingia mitini? Alitoa vitatu. Cha tatu akamuua malkia, na wanawake tulimnunia Kitwana hata salamu.

Basi kabla ya ile chai alikuwa amekuja mchapaji wake kutoka Dar, Bwana Majaliwa, mzee aliyepaka nywele piko, jasho likimtoka linashuka jeusi mpaka kwenye kola.

"Umemuua mke wetu sote," akamwambia Kitwana. "Sasa rudi nyuma. Nataka vitabu vya kabla ya cha kwanza. Huyu malkia alikuwa msichana, alikuwa mtoto, alizaliwa. Nani alimzaa? Niandikie mpaka nimwone yuko kwenye kanga."

Kitwana akakubali.

Sasa, Kitwana alikuwa na namna yake ya kuandika, na mkewe aliizoea. Hakugusa taipureta mpaka aulize kwanza kwa sauti, kama anazungumza na mgeni. Zamani alikuwa akiuliza, "Haya bibi, leo unafanya nini?" Halafu anakaa, anaandika. Safari hii, jua limesimama utosini, Zaina yuko ukumbini anachambua mchele, akamsikia anauliza, "Haya, Malkia. Kwenu wapi? Mama yako ni nani?"

Na taipureta ikaanza kulia kabla Kitwana hajavuta kiti.

Kitabu cha kwanza cha nyuma kikamalizika upesi ajabu. Majaliwa alipokisoma akapiga kofi mezani. "Umeandika kama uliyeyaishi!" Zaina naye alifurahi, mpaka siku Kitwana alipotoka chumbani, akasimama mbele yake kwa adabu, akamwuliza, "Samahani dada, choo kiko wapi?"

"Toka hapa na mizaha yako!" Zaina akacheka.

Kitwana hakucheka. Alisubiri aonyeshwe.

Alipoingia chooni, Zaina aliingia chumbani akachukua kurasa. Kisomo kilimsaidia, akafuata maneno kwa kidole. Akakuta harusi ya malkia. Mvua imenyesha, na mbuzi wa walima amekata kamba, ameingia ndani, amekula kikuba cha asumini cha bibi harusi. Zaina akaurudia mstari ule, maana kikuba kile kilikuwa chake na mbuzi yule alinunuliwa na baba yake. Mumewe alipotoka akamwuliza polepole, "Mume wangu, tulioana siku gani, kuna mvua au jua?"

"Nani kaoa?" Kitwana akauliza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila alichoandika kilihamia kwa yule malkia, na kwake hakikubaki. Kitabu cha pili kikala ujana wake, kikala shule, kikala rafiki aliyekuwa akiogelea naye, rafiki akapita kusalimu akaambiwa amekosea nyumba. Na kila kurasa zilivyozidi, ndivyo malkia alivyozidi kuwa mdogo, na ndivyo kulivyozidi kunuka humo ndani, harufu ya tope la mikoko iliyochanganyika na udi ambao hakuna aliyeufukiza. Chumvi ikaota kwenye bawaba. Ikaota kwenye dirisha, likawa jeupe, mwanga ukawa unaingia kama kupitia maziwa.

Zaina akatuma mtu Mbegani.

Mwanajuma akaja na kapu lake la vitumbua kichwani, mwanamke mkubwa, mkono wa kulia umekunjamana kovu la mafuta ya moto tangu Kitwana anatambaa. Kitwana akatoka akasimama kizingitini. Hakuvuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda hivi?"

Akamtazama mamake, akautazama ule mkono, uso ukang'aa kwa furaha. "Huu mkono nimeuandika! Nakujua. Wewe ni mama yake Mwanachumvi." Akageuka, akapaza sauti ndani, "Malkia! Mama yako kaja!"

Chumbani kiti kikavutwa.

Mwanajuma alikaa chini pale pale kwenye sakafu, kapu liko mapajani, na mlango ukajifunga.

Haukufunguka tena. Haukuwa na komeo, ila chumvi ilikuwa imejaa kwenye upenyo wote, na ukimwagia maji ya moto inayeyuka huku inaota kule. Zaina akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo.

"Kitwana. Toka, mume wangu. Acha hicho kitabu."

"Siwezi." Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu kabisa, kama amelala upande wa pili wa mbao. "Kila nikifika mwanzo, nikisema sasa basi, ananionyesha nyuma ya mwanzo pana mlango mwingine. Imebaki kuzaliwa kwake tu. Nitoe. Wewe ni nani? Nitoe, wewe uliye hapo nje, nitoe."

Na taipureta ilikuwa inalia, mbali na sauti yake, kule mezani.

Wakamwita Bimdogo, fundi wa pepo, bibi mfupi wa nyuma ya soko anayejulikana kwa kumtukana jini mpaka jini akaona haya. Aliingia kwa mbwembwe, na sisi majirani uani shingo ndefu kama kuku. Akafukiza, akapiga kigoma, akafoka mlangoni:

"Wewe unayekaa kwa watu bila hodi! Kwenu wapi?"

Ikajibu sauti ya Kitwana, lakini nyembamba, ya kitoto. "Mbegani."

"Mama yako ni nani?"

"Mwanajuma, muuza vitumbua."

Bimdogo akaweka kigoma chini. Akawavuta wale wawili, mke na mama, mpaka kisimani, akawanong'oneza.

"Mimi narudisha pepo kwao. Wa bahari, baharini. Wa porini, porini. Huyu hana kwao, mumeo kamtunga. Na pepo haulizwi ukoo mpaka chano chake cha chakula kiwe kimewekwa, ale ashibe, ndipo ajitaje aage. Mumeo kamwuliza huku pepo njaa inamuuma. Asiye na kwao ukimwuliza kwao, atachukua kwako wewe."

"Akishaandika kuzaliwa kwake?" Zaina akauliza.

"Atazaliwa yeye, mwanangu. Mumeo atakuwa hakuzaliwa."

Zaina akauma kanga asipige kelele. Mwanajuma akaweka kapu chini. Akasema, "Anachotaka ni mama?"

"Ni mama."

"Basi asininyang'anye. Nampa."

"Bi Mwanajuma! Mtoto wa namna hiyo ukishamkubali harudishwi."

"Na mwanangu aliyemo mle akiondoka, nani atanirudishia? Nilizaa mmoja. Kwangu nafasi ipo."

Akachukua chano cha Bimdogo, akapanga juu yake vitumbua vya kapuni, akakiweka mbele ya mlango. Akachuchumaa kama anavyochuchumaa mama kwa mtoto aliyejificha.

"Mwanachumvi, mwanangu. Toka ule. Umekawia sana kurudi nyumbani."

Taipureta ikanyamaza, na katika ukimya ule wa mchana ambao hata kunguru hawakulia tukasikia chumvi inapasuka upenyo kwa upenyo kuanzia juu mpaka chini, na mlango ukafunguka kiasi cha mtoto kupita, na harufu ya tope ikatupiga usoni tukashika pua lakini hatukuondoka, na kwenye sakafu nyekundu ukatokea wayo mmoja mweupe wa chumvi, mdogo, wa mtoto ambaye hajaota meno ya pili, kisha wa pili, kisha kitumbua kimoja kikatoka kwenye chano kikawa hakipo, na kingine, na kingine, na tulisikia kutafuna, kutafuna kwa pupa kwa mtu ambaye tangu aumbwe hajapewa chakula, mpaka chano kikabaki mafuta matupu, na Mwanajuma akanyoosha ule mkono wake wenye kovu, na vidole vyake vikakunjwa, si na yeye.

Akainuka. Akaaga. Akatoka akashika njia ya Mbegani juani, mkono mmoja na kapu, mwingine ukining'inia kidogo mbele yake, usawa wa kiuno, kama wa mtu anayeongoza mtoto.

Kitwana alitoka anapepesa macho. "Zaina," akasema, na Zaina akalia kwa kuitwa jina lake. Akampa chai. "Hii mbona imepoa? Nyumba hii mtu hawezi kupata chai ya moto?" Tukapiga vigelegele uani, sijapata kufurahia malalamiko kama siku ile. Alikumbuka yote, shule, rafiki yake, mvua ya harusi. Taipureta akaiuza. Majaliwa alikuja, akafoka, akatoa jasho jeusi, akaondoka, na kitabu cha kuzaliwa hakikuandikwa.

Jioni wamekaa barazani, Kitwana akasema, "Lakini dada yangu naye, kaondoka na mama bila hata kuniaga."

"Dada yupi?" Zaina akanong'ona.

"Mke wangu, una nini? Si yule aliyemvuta mbuzi siku ya harusi yetu, kikuba kiko mdomoni?"

Zaina akafungua kinywa amwambie hakukuwa na mtu. Siku ile ikamrudia, akaona kamba ya mbuzi. Akaona mkono ulioishika.

Akafumba kinywa.

Huko juu nimeandika kwamba Mwanajuma alizaa mmoja, hakujaliwa mwingine. Nimerudia kulisoma, nikataka kulifuta, maana nitachekwa. Binti yake nani asiyemjua? Mimi mwenyewe nilikuwa namsuka alipokuwa mdogo, hapa hapa barazani kwangu, kila Ijumaa, nywele ngumu, kavu, hazishiki mafuta. Nikimaliza, vidole vyangu vinabaki vyeupe, na nikivilamba ni chumvi.