Aliyeitika Nyuma ya Pazia

Ilianza na harufu ya uunsi, ubani ule wa nyumba za Kisomali. Kila adhuhuri ilinukia kwenye kitanda cha Osob, katika wodi ya wanawake ya kliniki moja ndogo mjini Garissa, na chetezo hakikuonekana popote.

Faiza, nesi mzaliwa wa ng'ambo ya Tana, hakujali. Wagonjwa walikuwa wengi na joto halisemeki. Alikuwa akifika penye pazia anaita, "Mama Osob?" Sauti inaitika, "Haa." Mkono wenye hina unajitokeza, anaudunga insulini, huyoo, kitanda kingine. Chuoni walimwonya: usimtajie mgonjwa jina lake, mwache ajitaje mwenyewe, nawe umtazame usoni. Lakini nani ana muda huo?

Sukari ya Osob ikazidi kupanda. Mama wa watu akakauka midomo, macho yakaingia ukungu.

"Sista, dawa yangu wewe nabeleka wapi?" alimwuliza siku moja. "Mimi naenda swali adhuhuri, narudi, nangoja. Hakuna sindano!"

Daktari Shuaib naye akaanza kumtupia Faiza jicho la pembeni. "Insulini ina soko hapa mjini," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nauliza tu."

Maneno hayo yalimchoma Faiza. Akamshuku Osob kwamba anamchongea ili afukuzwe kazi.

Kesho yake akadunga kama kawaida. Alipogeuka, Osob alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni, uso umelowa udhu, akijishikilia ukutani.

Alikumbuka jinsi mkono ule ulivyokuwa baridi katika joto lote lile, naye akijidanganya kuwa ni feni, akakumbuka kuwa hata tone la damu halikuwahi kutoka, na huku akisoma Ayatul Kursi katika harufu ile ya uunsi, akalisogelea pazia na kuuliza swali alilopaswa kuliuliza tangu siku ya kwanza.

"Jina lako nani?"

Akaishika ncha ya pazia.

"Jitaje. Wewe na baba yako."

Kitanda kikalia, kama mtu anaposhuka. Faiza akalivuta pazia. Hapakuwa na mtu, ila doa bichi la insulini katikati ya shuka.

"Alhamdulillahi, hiyo jini nakwenda," Osob alinong'ona.

Faiza akabadilisha shuka, akamlaza, akamwacha ajitaje, Osob Deeq Jama, kisha akamdunga kipimo chake, bila kuzidisha, maana insulini ikizidi huua, huku wanatazamana, wote wawili machozi yakiwatoka. Halafu akaenda kunawa mikono mwisho wa ukumbi, moyo umetulia kidogo.

"Faiza!" Shuaib aliita kutoka ofisini, bila kuinuka. "Yule Osob umeshamdunga?"

Kabla Faiza hajafungua kinywa, sauti ikajibu kutoka wodini, nayo ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Bado, daktari."

"Basi mdunge sasa hivi."

"Haa," ikaitika. "Nimeshashika sindano."