Kicheko cha Kaluki

Haya yalimpata Mutinda, rafiki yetu wa Kianda. Tangu amzike mkewe, Kaluki, uso wake aliukumbuka vizuri, lakini kicheko kilikuwa kimempotea kabisa. Jioni moja akaenda Kawangware kwa Mama Walubengo, jirani yao wa zamani, ambaye ukuta wa mabati ulimsikilizisha kila kitu chao. Habari za msiba hazikuwa zimemfikia. Stima ilikuwa imepotea, ploti nzima kimya.

"Mama, Kaluki alikuwa anachekanga aje?"

Gizani, kiti kililia. "Nyinyi watu mna mchezo. Jana Kaluki alisimama hapo hapo ulipo, akaniuliza wewe ulikuwa unakoromanga aje. Ati ameanza kukusahau."