Mke wa Kwenye Karatasi

Neno lenyewe nililisikia saluni, kichwa changu kikiwa ndani ya beseni na macho yamejaa povu. Msusi alilisema kama mtu anayetaja kwamba mvua imekatika.

"Yule kijana wenu wa mpira, kumbe ana mke huko aliko."

"Mke gani?"

"Mke, dada. Mpwa wangu anacheza naye timu moja. Ameziona karatasi za klabu kwa macho yake. Pale penye familia pameandikwa ana mke." Akanimwagia maji. "Si maneno yangu. Ila lisemwalo lipo."

Nilitoka pale nimesukwa upande mmoja umekaza na mwingine umelegea, maana kitini sikutulia. Neno lile likanifuata njiani, likaingia nami ndani, likakaa karibu na cherehani. Kazi yangu ni kushona sare za shule. Siku ile niliweka kola kichwa chini kwenye mashati manne, nikayafumua yote.

Nikurudishe nyuma kidogo ili unielewe. Mengine niliyaona, mengine waliniambia wenyewe baadaye, kila mmoja kwa upande wake.

Binti yangu ni mpiga picha za pasipoti. Studio yao ni chumba chembamba mkabala na ofisi ya uhamiaji, na asubuhi foleni hufika hadi kwa fundi viatu wa kona. Siku walipokutana alikuwa amevaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Akaingia kijana mrefu, suruali ya mazoezi chini, shati jeupe juu, shati lenyewe bado lina mikunjo ya kwenye pakiti.

"Kaa. Tazama hapa. Usicheke."

"Sicheki."

"Unacheka."

"Ndio uso wangu ulivyo."

"Uhamiaji hawataki meno. Funga mdomo."

Akaufunga, macho yakaendelea kucheka. Ikapigwa picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama mmoja mlangoni akasema, "Binti, mfinye kidogo, na sisi tuna safari." Foleni nzima ikacheka, na kijana ndiye aliyecheka zaidi.

"Hebu fikiria jambo la huzuni," binti yangu akamwambia.

"Nikifikiria kwamba ukimaliza natolewa humu, linatosha?"

Picha ya sita ndiyo iliyofaa. Kwenye bahasha, mahali pa jina, binti yangu aliandika "Meno". Jina likamganda. Na kijana, kwa jinsi alivyoamrishwa pale, akamwita yeye Bosi.

Alikuwa winga wa kulia, anasubiri kwenda kujaribiwa na klabu moja ya mbali. Zilikuwa zimebaki wiki tano. Katika wiki hizo alirudi studio mara nane, na mtu pasipoti huipigia picha mara moja.

Alipoondoka nilimwambia binti yangu, mpenzi wa mbali ni kama moto wa jirani, unauona moshi lakini haukupashi. Akanijibu, "Mama, acha niuone huo moshi." Kumbe moshi wenyewe ulikuwa na mambo. Kijana alifuzu majaribio, akawa anapiga simu kila adhuhuri, akitoka mazoezini, wakati binti yangu amekuja kula. Simu ikiwekwa sauti ya nje, na mimi naacha cherehani nasogeza kiti. Siwezi kudanganya, nilikuwa na hamu ya kujua.

"Bosi wangu, umekula?"

"Nakula. Wewe umecheza?"

"Benchi. Jana nimelipasha moto dakika tisini, leo wanaweza kulikalia wageni."

"Mama anauliza, eti mnaingia kwenye pipa la barafu?"

"Mwambie ni kweli. Dakika nane. Ukitoka unaongea kama redio yenye betri mbovu."

Alitueleza kwamba kule nyasi zinamwagiwa maji kabla ya mechi ili mpira ukimbie. Yeye alikuwa amezoea uwanja mkavu, mpira unadunda, unamsubiri. Huko mpira ulimpita kama mtu asiyemjua. Kocha akamtoa mbele, akamrudisha nyuma awe beki. Wiki nzima alinuna, hata meno hatukuyasikia. Mara tatu kwa wiki alifundishwa lugha, na maneno aliyoyajua kwanza yalikuwa "nyuma yako", kabla hata ya "asante". Alikaa benchi mechi kumi. Ya kumi na moja akaanza, na siku ile binti yangu alivaa fulana yake sebuleni, akamfokea mwamuzi mpaka sauti ikakauka.

Basi mambo yalikuwa yamefika hapo niliporudi na lile neno la saluni.

Nilimwambia binti yangu akiwa anapiga pasi sketi. Hakuuliza mara mbili, alichukua simu. Meno alikuwa kwenye basi na wenzake, kelele nyingi nyuma yake.

"Nakuuliza swali moja. Kwenye karatasi za klabu pameandikwa una mke?"

Kelele za basi zikapungua.

"Nani kakwambia?"

"Pameandikwa au hapajaandikwa?"

"Pameandikwa. Lakini ngoja, Bosi, hilo nilitaka nije nikuambie uso kwa…"

Binti yangu akakata, akaifungia namba yake. Kisha akarudi kwenye sketi ile ile, akaipiga pasi mpaka ikang'aa.

Na mimi nikamsifu. "Umefanya vizuri, mwanangu. Mwanamume anayesema ngoja, ujue anatafuta alikouweka uongo."

Jumamosi iliyofuata, mchana, binti yangu alikuwa bafuni, simu yake inachaji karibu na cherehani yangu. Ikaita. Namba ndefu, ya nje. Nikapokea. Sauti ya mwanamke, laini, inasema lugha nisiyoijua, kisha ikataja jina kamili la binti yangu, taratibu, kama anayelisoma. Nikajiambia, ndiye huyo mke, leo amepata ujasiri.

"Mwambie mumeo atuache," nikamfokea. "Hapa hatuna shida naye."

Nikakata. Ikaita tena, nikakata. Mara ya tatu nikakata, nikaifuta na ile namba, nikaendelea na pindo la sketi. Binti yangu alipotoka kuoga nilimuuliza kama anataka chai.

Wiki tatu zilipita. Mpira hatukuutazama tena nyumbani kwetu. Binti yangu aliongea na wateja wake maneno mawili, kaa na nyanyuka. Mashavu yalibonyea. Niliona ni homa ya mapenzi, itashuka yenyewe.

Nikarudi saluni. Sikwenda kwa ajili ya nywele tu.

"Mpwa wangu anasema yule kijana wenu hata kutafuna hawezi," msusi akaanza. "Waligongana na kipa hewani, taya likavunjika sehemu mbili. Alizimia saa nzima. Sasa meno yamefungwa kwa nyaya, chakula anavuta kwa mrija."

"Si mkewe yupo anamuuguza?"

"Mke gani, dada? Siku ile ile, yule mama wa klabu anayeshughulikia familia alimpigia huyo mke. Mwanamke akapokea, akafoka, akakata. Mara tatu. Kijana alipozinduka, kwa vile hawezi kusema, akaandika: mke wangu amesemaje? Ikabidi wamwambie amekata. Wanawake wengine wana mioyo ya mawe."

Niliinua kichwa kutoka kwenye beseni. "Walimpigia wapi?"

"Hapo ndipo na mimi nashangaa. Mpwa anasema namba ilikuwa ya huku huku kwetu."

Jumamosi. Mchana. Mara tatu.

Nilikwenda studio na taulo la saluni mabegani, maji yananichuruzika shingoni. Binti yangu alikuwa anamnyoosha mzee mmoja kidevu.

"Mama, mbona umelowa?"

"Mtoe babu. Funga mlango."

Nikamwambia yote nimesimama. Alinisikiliza mikono yake ikiwa ndani ya mifuko ya gauni.

"Kwa hiyo mke ni mimi," akasema.

"Inaonekana hivyo."

"Na nilipoitwa, wewe ukanikatia."

"Mimi ndiye."

Hakunifokea. Angenifokea ningepumua. Aliifungua namba ya Meno, akapiga ya video, wala hakuniambia nitoke.

Akatokea kitandani, amevaa sweta la kijivu, uso mpana kama aliyeweka embe kila shavu, meno yamebanwa. Alipomwona, machozi yakamtoka kabla ya salamu.

"Usiongee. Nisikilize," binti yangu akasema. "Aliyekata simu ni mama. Mimi sikujua kama umeumia. Leo ndio nasikia."

"Nikadhani umekataa," akasema kwa meno yaliyofungwa, maneno yakitoka pembeni mwa mdomo.

"Sikukataa, wala sikukubali, maana sikuulizwa. Kwa nini uliandika mke?"

"Waliniuliza, ukiumia tumpigie nani. Kuna mzazi. Kuna mke. Kuna mtoto. Wazazi wangu unajua walishafariki. Bibi hasikii simu. Nafasi ya mchumba haipo."

"Ukanioa kwa kalamu."

"Niliona aibu kukwambia. Ungesema nimekurukia."

"Umenirukia."

"Ndiyo, Bosi."

"Na kwenye basi ulipata nafasi ya kusema, ukasema ngoja."

"Timu nzima ilikuwa inasikiliza. Nilitaka nikuulize vizuri."

"Basi kaa na nyaya zako. Zikitoka, uje uniulize vizuri."

Alijaribu kucheka, akalishika taya. Binti yangu naye akacheka, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba foleni nje inagonga mlango.

Miezi miwili baadaye klabu ikampa likizo ya siku kumi. Alikuja nyumbani mchana, koti la bluu linamning'inia, mkanda umetobolewa tundu jipya kwa kukonda. Kwenye kidevu ana kovu kama mshono wa haraka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi niliyekata."

"Najua, mama."

"Nisamehe. Ulikuwa unaumwa, na mimi nikakukatia."

"Nilikasirika sana, sitaficha," akasema. "Nililala pale nikiona sina mtu duniani. Lakini mama, ungempokea mke mwenza wa bintiyo kwa upole, ningejua binti yako humpendi."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, gauni la rangi ya matofali, mikono kifuani. Meno akamgeukia. Hakupiga goti wala kutoa maneno ya kukariri.

"Bosi, nimekuja kuuliza nililoandika bila kuuliza. Utakuwa mke wangu? Ukikataa nitaumia, lakini nitakuwa nimekusikia wewe mwenyewe."

Binti yangu akalitazama lile kovu. Hata mimi nilisubiri, uzi mdomoni.

"Nakubali," akasema. "Ila ukirudi, kwanza ukanifute kwenye karatasi. Sijawa mke bado. Siku nitakapokuwa, nitakuja nisimame pembeni nikuone ukiniandika."

"Nikiumia kabla ya siku hiyo? Wampigie nani?"

Akafikiri. Akanitazama mimi, kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

"Mwandike mama."

"Mama huyu?"

"Huyu huyu. Sehemu ya mzazi."

Hakuna aliyecheka. Meno akatoa simu yake, akasubiri. Nikamtajia namba yangu tarakimu moja moja, akanisomea, nikamwambia ni sawa, akanisomea tena. Siku za mechi sishoni. Naiweka simu mezani, uso juu, na nakaa karibu nayo mpaka kipenga cha mwisho.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, na wewe kijana unayesoma, ya kuepuka ni haya:

Usilibebe neno la saluni mpaka nyumbani kabla hujauliza huyo mke anaitwa nani.

Usipokee simu ya mwanao aliye mtu mzima. Ukishapokea, usifute namba.

Usimfokee mtu kwa lugha asiyoijua. Tafuta anayeijua.

Usimsifu binti kwa kukata simu kabla hajasikia jibu lote.

Binti, mtu akisema ngoja, mpe dakika tano. Ukishazimaliza ndio ukasirike.

Kijana unayekwenda kucheza mbali, usimwandike mtu mke kabla hujamuuliza. Na ukishaandika, mwambie siku hiyo hiyo, hata kama basi zima linasikia.

Na msusi akikuanzia habari, usiwe na kichwa ndani ya beseni.